Kirukia Hang'olewi

Hapo si kale na wala si mbali, mahali ambapo mtu akipiga chafya huko sisi huku tunasema afya, palikuwa na nchi iitwayo Fyata. Usiitafute kwenye ramani. Wachora ramani walipofika mpakani waliambiwa wangoje kibali, na wangali wanangoja.

Fyata ilikuwa nchi ya amani tele, maana kila aliyekosa amani alikuwa keshafungwa. Na katika mambo yaliyowafungisha watu huko, hakuna lililofua dafu mbele ya bangi. Aliyekutwa na jani alifungwa. Aliyekutwa na harufu alifungwa. Kulikuwa na bwana mmoja aliyefungwa kwa kucheka peke yake njiani, na mpaka alipoachiwa hakuwa na hamu ya kucheka tena, jambo ambalo serikali ilisema ni ushahidi kwamba gereza linatibu.

Mlekwa, fundi baiskeli, alikuwa na miche michache nyuma ya bafu lake. Alihukumiwa miaka saba. Mkewe, Zuhena, alibaki na nyumba ya vyumba viwili, na sufuria ambamo kila jioni alipikia watu wawili kwa mazoea, kisha akala mwenyewe mpaka tumbo likamuuma, kwa kuwa kumwaga chakula cha mume aliye hai aliona ni kumchuria.

Basi wakaja wageni kutoka ng'ambo. Wakasema huko kwao bangi siku hizi ni dawa, inauzwa dukani karibu na sabuni, na wako tayari kuinunua kwa magunia. Kabla hawajamaliza chai waliyokaribishwa, Mtukufu Kirukia, Mlezi wa Taifa, akawa amekwisha kusimama mbele ya vipaza sauti.

"Wananchi!" akasema. "Jani hili ni letu. Babu zetu walilijua, na wakoloni ndio waliotudanganya kwamba ni baya. Nami nililijua siku zote, ila nilikuwa nawapima."

Watu wakapiga makofi kwa kupimwa vizuri.

Amri ikatoka: kila kaya ioteshe mche mmoja, ndani ya nyumba, katika chumba kilicho bora. Ndani tu, kwa kuwa sheria ya zamani haikufutwa. Iliachwa ili isije ikajisikia vibaya. Ndani ya kizingiti mche ulikuwa uzalendo, nje ya kizingiti ulikuwa miaka saba. Waliokwisha kufungwa kwa miche ya nje wakaambiwa watulie, kosa lao lilikuwa la kutangulia. Lakini Mtukufu kwa huruma zake akatoa ahadi: kaya ambayo maua ya mche wake yatawapendeza wageni, itasamehewa mfungwa mmoja.

Zuhena alisikia ahadi hiyo redioni akiwa anachambua mchele. Mchele ukamwagika wote, na hakuuokota mpaka giza lilipoingia.

*

Kwa kuwa hakuna raia mwema aliyewahi kuiona bangi, raia wote wakaitwa kwenye Semina ya Wanaoanza. Mwalimu wao alikuwa Bwana Ndekule, Afisa Miche wa mtaa. Alishinda nafasi hiyo kati ya waombaji wengi kwa sababu yeye peke yake aliapa, mkono juu ya bendera, kwamba hajui chochote.

"Kuna yeyote hapa aliyewahi kuiona?" akauliza.

Nusu ya mtaa ule ilikuwa imesomesha watoto kwa jani hilo, na nusu nyingine ndiyo iliyolinunua. Lakini anayejua, amejulia wapi? Watu wakatazama dari kwa ujinga wa dhati.

"Vizuri. Basi tuanze. Mche ni kama raia. Kwanza, maji. Mmwagilieni asubuhi, mchana na jioni, ndoo nzima, ili asiwe na la kulalamika."

Mzee mmoja wa safu ya mbele neno likamtoka kabla hajaushika ulimi wake: "Mwalimu, mizizi si itaoza?"

Ndekule akatabasamu kwa upole. "Mzee wangu, umejuaje?"

Vijana wawili wenye suti wakamshika viwiko kama bwana harusi, wakampeleka nje, na semina ikaendelea kwa utulivu mkubwa zaidi.

"Pili, mwanga. Mche unataka mwanga kutwa na sehemu kubwa ya usiku. Taa ziwake. Umeme ukikatika, kaya ieleze kwa nini. Tatu, hewa. Feni imkabili yeye, si ninyi. Na joto likizidi humo chumbani, tokeni, mpungue."

Zuhena alikuwa ameuma ulimi hadi akaonja chumvi ya damu. Alijua. Miaka mingapi alikuwa amemshikia Mlekwa taa nyuma ya bafu, akimsikia akisema: udongo uwe mwepesi, maji ukikauka tu, majani ya chini yakiwa ya manjano usihangaike kwanza, mtazame. Lakini la mwisho, ambalo Mlekwa alilirudia zaidi ya yote, Ndekule hakulitaja hata kwa bahati mbaya: dume likionekana, ling'oe. Dume moja likipasua vifuko vyake vya vumbi, majike yote yaliyo karibu yanashika mbegu, na ua lenye mbegu hakuna anayelitaka.

Likafuata jambo la mila. Huko Fyata hakuna kitu kinachoingia mikononi mwa serikali bila kupewa somo, yaani mtu ambaye kinaitwa kwa jina lake. Fahali wa serikali ana somo, daraja lina somo, hata choo cha soko kina somo, na siku kilipoziba somo wake aliugua kwa aibu. Basi majina yakatiwa kwenye kibuyu, na kila kaya ikachomoa la mche wake. Mama Fumo, jirani wa Zuhena, akapata jina la Spika, akacheka, kisha akakohoa ili ionekane ni kikohozi.

Zuhena akatia mkono. Ndekule akasoma, akasoma tena, akavua kofia.

"Kirukia," akasema.

Ukumbi mzima ukasimama. Wengine wakapiga vigelegele. Zuhena naye akabaki amesimama, mkono ungali kibuyuni.

*

Kirukia akapewa chumba cha kulala, na Zuhena akahamia jikoni. Kirukia akapata neti, Zuhena akapata mbu. Umeme wa Fyata una haya, ukitazamwa sana huondoka. Ulipoondoka, Zuhena alimwashia Kirukia kandili tatu akampepea kwa ungo, huku akizima kibatari chake akala gizani.

Lakini alikua! Alikua kwa kuwa Zuhena alimlea kwa siri, kinyume cha semina. Ndoo za asubuhi, mchana na jioni alizibeba hadi chumbani kwa kelele, majirani wasikie, kisha akazimwaga uani kupitia dirishani. Mitaa mizima miche ilikuwa inazama na kuwa miembamba kama nyuzi. Wa Zuhena ulisimama mnene, majani wima kama mikono ya waumini.

Mama Fumo akaja, khanga kiunoni, akaegemea mlango.

"Shoga, Spika wangu analegea. Amekuwa manjano, kajiinamia tu, kama yuko bungeni."

"Mimi sijui kitu, Mama Fumo."

"Nani kasema unajua? Hata mimi sijui. Tunapiga soga za wajinga."

"Ila," Zuhena akasema, akitazama upande wa barabara, "kama angekuwapo mtu asiyejua chochote, akatia kidole kwenye udongo kwa bahati mbaya, akakuta umelowa, huyo mjinga angeweza kusahau kumwagilia siku mbili tatu."

"Ee. Na mjinga huyohuyo, chungu chake angekitoboa chini?"

"Angeteleza na msumari."

"Maskini, wajinga tunapata taabu." Mama Fumo akaondoka akiimba, na wiki hiyo misumari iliteleza nyumba hadi nyumba mtaani kote. Spika akainua kichwa.

Kwa mara ya kwanza tangu Mlekwa achukuliwe, Zuhena alimfulia mumewe shati lisilokuwa chafu, akalitundika nyuma ya mlango.

Kisha asubuhi moja alikwenda kumgeuza Kirukia apate mwanga upande wa pili. Kwenye viungo vya matawi, pale ambapo jike hutoa vinyweleo vyeupe, aliona vishada vya vifuko vidogo, mviringo, kama punje za mtama. Alivigusa kwa ncha ya kidole. Akakaa chini kwenye sakafu, akaweka mikono kichwani.

Kirukia alikuwa dume.

*

Gerezani waliruhusiwa kuzungumza kupitia wavu, askari kati yao.

"Mwenzangu," Mlekwa akasema. Alikuwa amekonda, shingo imekuwa ya kuku. "Naambiwa nyumbani tuna mgeni mkubwa."

"Tunaye. Kirukia." Zuhena akasogea wavuni. "Ni dume."

Askari akagonga visigino. "Dume hasa! Dume la nchi!"

Mlekwa hakucheka. Akashika wavu kwa vidole vyote kumi. Kisha taratibu, chini ya ukingo wa wavu, askari asikoona, akafumba ngumi moja na kuivuta juu: ng'oa.

"Kaanza kutoa?" akauliza.

"Vifuko bado vimefumba."

"Siku chache, basi. Bibi wee, nisikilize. Ukifanya nilichokuonyesha, watakuja kukulaza humu pamoja nami. Usipofanya, mimi silali huko nyumbani tena. Si msamaha wa kwetu tu utakaopotea, ni wa mtaa mzima."

"Mnaongea nini?" askari akauliza.

"Afya ya Kirukia, afande."

"Mungu amzidishie," akasema askari.

"Mwenzangu," Mlekwa akarudia, na sasa sauti yake ilikuwa ndogo. "Mimi humu nimekuwa nikihesabu hayo maua yenu. Usiku nafumba macho nayaona. Nimekosa nini tena?"

Kengele ikalia.

*

Zuhena alikwenda ofisini kwa Bwana Ndekule, akapiga goti.

"Mheshimiwa, naomba mche wangu ubadilishwe jina."

"Kwa nini, bibie? Watu wanalilia jina hilo!"

"Ni zito kwangu. Mimi mwanamke mnyonge. Nipe la diwani, hata la diwani aliyeshindwa."

"Somo halibadilishwi mpaka mwenye jina afe." Ndekule akagundua alichosema, akachungulia chini ya meza, akaongeza kwa sauti kubwa: "Naye hatakufa!"

"Basi mheshimiwa, kama mtu asiyejua kitu angeona mche una dalili..."

"Dalili gani? Kirukia haugui."

"Si ugonjwa. Kama ungekuwa wa namna ambayo... inayotakiwa kuondolewa."

Ndekule akaweka kalamu chini polepole. "Kirukia aondolewe?"

Zuhena akatazama mlango, na pembeni mwa mlango wale vijana wawili wenye suti.

"Nimesema aongezewe," akasema. "Mbolea."

"Aa! Aongezewe!" Ndekule akafuta jasho. Wote wawili wakafuta jasho.

Alirudi nyumbani ameamua. Liwalo na liwe. Gereza ni gereza, angalau atakuwa ameokoa maua ya Mama Fumo na ya wengine, na huenda kati yao mmoja akamchagua Mlekwa kwenye msamaha wake. Akafunga madirisha. Akapiga magoti mbele ya chungu, akakamata shina kwa mikono miwili, akafumba macho. Akavuta. Udongo ukaanza kupasuka.

Mlango ukafunguka bila hodi.

Alikuwa Waziri wa Mimea ya Vyumbani, na msafara wake, na kamera, na Ndekule nyuma akihema. Wakamkuta mwanamke kapiga magoti, macho yamefumba, machozi yanamtoka, amekumbatia shina.

"Tazameni!" Waziri akanong'ona, naye akavua miwani. "Tazameni mwananchi anavyomwomba Mungu kwa ajili ya Kirukia."

Akauzunguka mche. Kabla ya ukaguzi huu hakuwahi kuona bangi maishani isipokuwa ikichomwa moto, mafungu kwa mafungu, mbele ya waandishi. Huu ulikuwa mrefu kupita yote aliyokagua, kama madume yalivyo.

"Nyie mnasema miche ya mtaa huu ni mifupi? Mifupi kwa sababu haijaona mfano! Mbebeni huyu. Apitishwe nyumba hadi nyumba, miche yote imwone, ijifunze."

"La, mheshimiwa!" Zuhena akamshika suruali. "Asitoke! Nakuomba kama baba yangu, asipelekwe kwa wenzake!"

"Unyenyekevu gani huu," Waziri akawaambia wenye kamera.

Wakamweka Kirukia kwenye kiti cha enzi kilichoazimwa kanisani, wakamtolea kibali cha kuvuka vizingiti, wakambeba na bendi ya polisi ikapiga. Barabarani, katika mtikisiko wa ngoma na joto la mchana, vifuko vikaanza kupasuka. Vumbi la manjano likashuka, laini, kama unga wa kunyunyizia baraka. Kila nyumba walimoingia walimwinamisha Kirukia kuelekea kwa mche mwenyeji, mara tatu, kwa heshima. Na feni, kama semina ilivyoagiza, zilikuwa zinapuliza.

Zuhena alikimbia nyuma ya msafara, kichwa wazi. Pembeni walisimama watu wa mtaa, wote wale wajinga, wakitazama vumbi lile likiingia milangoni mwao. Walijua. Walipiga makofi huku wanalia, na mpiga picha akaandika kwamba ni machozi ya furaha.

"Mama Fumo!" Zuhena akaita. "Funga mlango!"

"Nimfungie Kirukia mlango, shoga?" Mama Fumo akajibu. "Nina watoto mimi." Akausukuma mlango wake wazi hadi mwisho.

Waziri akapiga chafya. Kofia yake nyeusi ilikuwa ya manjano. Akiwa katika furaha hiyo akatangaza kwamba mfano huo utaigwa kila wilaya, na kwamba kila mche nchini utakaofanana na bingwa utavuliwa jina lake la zamani na kuitwa Kirukia. Kabla mwezi haujaandama, madume yote ya Fyata yalikuwa akina Kirukia, yakitembezwa kwenye viti.

*

Wageni wa ng'ambo walikuja siku ya mavuno. Wakapasua ua la kwanza: mbegu. La pili: mbegu. Wakapasua mpaka mikono ikawauma, kisha wakasema maneno machache kwa lugha yao, na hata chai hawakunywa. Walisema watarudi msimu ujao, ikiwa tu hakutakuwa na dume hata moja lililosimama ndani ya nchi.

Redio ilitangaza kwamba Fyata imeongoza dunia kwa mbegu.

Msamaha haukumfikia mtu yeyote. Shati la Mlekwa lilibaki nyuma ya mlango, nalo likaanza kupata vumbi, na Zuhena akalifua tena.

Wakubwa wakakaa kikao kizito. Madume lazima yaondoke. Lakini madume yote ni Kirukia, na hakuna raia huru anayeruhusiwa kumnyanyulia Kirukia mkono. Ndekule alipoulizwa kama yeye angeweza, alizimia kwa uzalendo. Mwishowe mwanasheria mmoja akapata njia: raia huru hawezi, lakini mfungwa si raia huru. Na ni lazima awe anaijua bangi; na wanaoijua, kwa mujibu wa mahakama, ni wafungwa peke yao.

Kila wilaya ikatoa mfungwa mmoja. Wilaya ile ikamtoa Mlekwa.

Masharti yakasomwa hadharani. Mfungwa atang'oa. Wakati wa kung'oa atalala kwake, chakula ni juu ya mkewe. Siku atakayong'oa dume la mwisho wilayani, siku hiyohiyo atarudi ndani kumalizia miaka yake, na juu yake ataongezewa mingine, kwa kosa la kumng'oa Kirukia.

Alikuja saa za asubuhi, mnyororo mguuni, askari nyuma. Alisimama kizingitini kama mgeni asiyejua avue viatu wapi. Zuhena alikuwa na mengi ya kusema, likamtoka dogo kuliko yote.

"Umekula?"

"Bado."

Akala. Alikula polepole, sufuria ikaisha, na kwa mara ya kwanza ilikuwa na kipimo sahihi. Akavaa shati lake. Kisha askari akakohoa, Mlekwa akaingia chumba cha kulala, alikorudishwa Kirukia baada ya ziara zake, akamng'oa kwa mkono mmoja, na kazi ikawa imeanza.

"Mtaani yamebaki mangapi?" Zuhena akauliza walipotoka.

"Si mengi," Mlekwa akasema. Akajaribu kumchekesha. "Nitang'oa kwa adabu. Kila mmoja nitampigia saluti kwanza, nipoteze muda."

"Na wilaya nzima?"

Mlekwa akatazama mnyororo wake. "Wananihimiza, bibi wee. Wanasema kabla ya mvua."

Alipopotea kwenye kona, Zuhena alisimama muda akisikiliza mnyororo. Kisha akachukua ungo, akaenda kwa Mama Fumo. Maua yaliyokataliwa yalikuwa yamerundikwa uani, hayana mnunuzi wala mwombaji. Zuhena akachuchumaa, akaanza kuyasugua kati ya viganja. Mbegu zikadondoka, kijivu, zenye mistari, zikipiga ungo kama mvua ya kwanza.

"Shoga, unafanya nini?" Mama Fumo akauliza.

"Mimi sijui kitu."

Mama Fumo akaangalia ungo. Akaangalia njia aliyopita Mlekwa. Akavuta kigoda, akakaa, akachukua ua. "Katika mbegu hizi," akasema, "mjinga angetarajia nusu ziwe madume."

"Nusu haitoshi."

Wakatia mbegu kwenye vyungu, kwenye makopo ya maziwa, kwenye beseni lililovunjika, kwenye kiatu cha marehemu mume wa Mama Fumo. Wakaja majirani wengine, hawakuuliza, wakanyoosha mikono kupewa. Hadi adhuhuri hapakuwa na nyumba mtaani isiyokuwa na udongo mezani. Zuhena alirudi chumbani mwake, akajaza udongo katika chungu kilekile alimong'olewa bingwa, akabonyeza mbegu kwa kidole, moja, nyingine, nyingine, na kwa kila moja akaomba kwa sauti, maana hakuwa na nguvu tena ya kuomba kimyakimya.

"Ee Mola, tupe Kirukia. Tuzidishie akina Kirukia. Waote kila nyumba, wasipungue, isije ikafika siku tukaambiwa Kirukia wa mwisho ameondoka."

Chini ya dirisha alikuwa anapita Bwana Ndekule. Akasimama. Akasikiliza mpaka mwisho, macho yakamlowa, akavua kofia na kuiweka kifuani.

"Amina," akasema.

"Amina," Zuhena akajibu kutoka ndani, akabonyeza nyingine.